Kuzijua mali zote za TEHAMA za kampuni: orodha moja haitoshi, orodha tatu zipatanishwe

#1 – Mwanzisha uzi, Dodoma

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Mkurugenzi wa kampuni yoyote ana haki ya kuuliza kampuni yake ina kompyuta, seva, ruta, simu za kazi, programu na akaunti ngapi, kila kimoja kiko wapi, kiko mikononi mwa nani, na kipi kimepitwa na wakati. Kampuni nyingi za huku kwetu kanda ya kati haziwezi kulijibu swali hilo bila kupiga simu huku na kule kwa wiki nzima. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu naona wengi wetu tunaamini kwamba ipo mahali fulani orodha moja iliyo kamili, na kwamba kazi yetu ni kuitafuta au kununua programu ya kuitengeneza. Orodha hiyo haipo. Picha sahihi hupatikana pale orodha kadhaa zisizokubaliana zinapowekwa pamoja na kila tofauti ikatafutiwa sababu yake.

Dodoma tuna hali yetu ya pekee. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa, na Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018, kampuni nyingi zilifungua au zilipanua ofisi kwa haraka. Vifaa vingine vilikuja kutoka Dar es Salaam bila hati ya makabidhiano, na vingine vilinunuliwa kwa fedha za matumizi madogo ili kazi isisimame. Ofisi inapohama kutoka Area C kwenda Kisasa au Mtumba, si ajabu ruta ya zamani kubaki ukutani huku kifurushi chake cha intaneti kikiendelea kulipiwa kila mwezi.

Wanaoshughulikia usalama wa mifumo wameliweka jambo hili mbele kabisa. Katika miongozo ya CIS (Center for Internet Security, taasisi ya Marekani ya usalama wa mifumo), toleo la 8 la mwaka 2021, hatua ya kwanza kati ya 18 ni kuvijua na kuvidhibiti vifaa vyote vya taasisi, na ya pili ni kuzijua programu zote. Ulinzi wa data, masasisho na nakala rudufu vinakuja baada ya hapo, kwa sababu mtu hawezi kusasisha seva asiyojua kwamba ipo.

Tukio la mwaka 2017 la Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, linaonyesha gharama yake. Kasoro ya Apache Struts, programu ya kujengea mifumo ya tovuti, ilitangazwa Machi mwaka huo pamoja na marekebisho yake, na tangazo likasambazwa ndani ya kampuni, lakini mfumo mmoja wa zamani uliokuwa ukiitumia programu hiyo haukurekebishwa. Wavamizi waliingia Mei wakatoka na taarifa za watu wapatao milioni 147. Ripoti ya kamati ya Bunge la Marekani iliyotolewa Desemba 2018 ilieleza kwamba kampuni haikuwa na orodha kamili ya mali zake za TEHAMA. Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau: kifaa kilichopaswa kukagua mawasiliano ya mfumo huo kilikuwa na cheti cha usalama kilichokwisha muda kwa miezi 19, na cheti kilipohuishwa mwishoni mwa Julai, wahandisi waliuona wizi huo mara moja. Cheti nacho ni mali, kina tarehe, na kinapaswa kuwa na mtu anayewajibika nacho.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Tuchukue kampuni ya kubuni inayosindika mafuta ya alizeti, yenye ofisi kuu Kizota, ghala Kibaigwa na kiwanda Singida. Kampuni hiyo ina orodha tatu hata kama haijawahi kukaa kuziandika: ya uhasibu, ya mtandao na ya watu.

Orodha ya uhasibu inajua kilichonunuliwa. Udhaifu wake ni kwamba imetengenezwa kwa ajili ya thamani, si kwa ajili ya kukifuatilia kifaa. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kompyuta na vifaa vyake vimo katika daraja la kwanza la uchakavu, asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka, na mali za daraja moja hujumlishwa kwenye fungu moja. Kompyuta mpakato ya shilingi 2,000,000 ikikokotolewa hivyo kwa miaka mitano inabaki na takribani shilingi 191,000. Kwa mhasibu hiyo ni fedha ndogo, lakini mashine hiyo hiyo huenda ndiyo inayotunza bei za wakulima wote. Isitoshe, ankara mara nyingi husema «kompyuta 12» bila nambari hata moja ya mfululizo, na kishikwambi cha bei ndogo huandikwa kama matumizi ya kawaida, kwa hiyo hakiingii kabisa kwenye rejesta ya mali za kudumu.

Orodha ya mtandao inajua kilicho hai na kilichounganishwa wakati huo. Hapa ndipo naomba tuwe waangalifu zaidi, kwa maana programu ya kuskani mtandao, yaani kuuliza kila anwani ya mtandao ili kuona kifaa kipi kinajibu, inaonekana kama shahidi asiyekosea. Ukiskani kwa programu ya Nmap ukiwa ndani ya ofisi ya Kizota, kompyuta hujibu hata kama ngome yake (firewall) imekataa salamu za kawaida (ping), kwa sababu kwenye mtandao wa ndani ulizo la ARP, ambalo vifaa hulitumia kutafutana, halikwepeki. Ukiskani kiwanda cha Singida ukiwa umekaa Dodoma, kupitia VPN, yaani njia ya siri inayopita kwenye intaneti, ulizo la ARP halivuki ruta, na kompyuta zinazokataa salamu za kawaida zitaonekana kana kwamba hazipo. Kwa hiyo kila kituo kiskaniwe kutoka ndani ya kituo hicho. Matokeo yake yalinganishwe na jedwali la anwani za MAC (nambari ya utambulisho ya kila kifaa cha mtandao) kwenye swichi, na kumbukumbu za wiki kadhaa za DHCP, huduma inayovigawia vifaa anwani za mtandao, kwa maana hizo huhifadhi habari za vifaa vilivyopita na kuondoka. Skani iende polepole: printa za zamani na vidhibiti vya mitambo vinaweza kukwama vikipigwa maulizo mengi kwa wakati mmoja.

Jambo jingine kuhusu anwani za MAC ni kwamba simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 huficha anwani yao halisi zinapojiunga na Wi-Fi na kutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao. Simu moja inayotembelea mitandao miwili ya kampuni inaweza kuonekana kama simu mbili. Kwa simu za kazi, nambari ya kuaminika ni IMEI, nambari ya utambulisho ya simu yenyewe, ambayo hupatikana kwa kubonyeza *#06#.

Orodha ya watu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Afisa rasilimali watu anajua nani ameajiriwa, nani amehamishiwa Singida na nani ameondoka. Ukichukua orodha yake ukailinganisha na akaunti zilizo kwenye Active Directory (mfumo wa Microsoft wa kutunza akaunti za watumiaji) na kwenye barua pepe, utakutana na akaunti hai za watu waliokwisha kuaga. Hapa kuna tahadhari ndogo ya kiufundi: sehemu ya Active Directory inayoonyesha mara ya mwisho mtumiaji kuingia, ile inayonakiliwa kwenye seva zote, inaweza kuchelewa hadi siku 14, kwa hiyo isitumiwe kumhukumu mtu aliyekuwa likizo fupi.

Orodha hizo tatu zikiwa mezani, kazi ya kuzipatanisha inahitaji kitambulisho kimoja, na kwa maoni yangu hicho ni nambari ya mfululizo ya mtengenezaji. Jina la kompyuta hubadilika fundi anapoweka upya Windows, na stika hubanduka. Zipo hata hivyo kompyuta za kuunganishwa dukani ambazo ukiiuliza mashine nambari yake, inarudisha maneno ya kujaza nafasi tu. Kwa hizo tumieni kitambulisho cha bodi kuu pamoja na anwani ya MAC ya tundu la kebo ya mtandao, kisha mzichonge nambari ya kampuni kwenye kasha.

Kifaa kilicho kwenye vitabu lakini hakionekani kwenye mtandao huenda kimekufa, kimeibiwa, kiko kwa fundi, au kimezimwa tu. Kifaa kinachoonekana kwenye mtandao lakini hakimo kwenye vitabu ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi: huenda ni ruta ndogo ambayo mtumishi mwenye nia njema aliichomeka ili Wi-Fi ifike ofisini kwake, huenda ni kamera za ulinzi zilizofungwa na mkandarasi kwa neno la siri la kiwandani, huenda ni mashine binafsi ya mtu. Kifaa kilicho kwenye vitabu na kwenye mtandao lakini kimeandikwa kwa jina la mtu aliyeondoka ni deni la makabidhiano ambayo hayakufanyika. Kila tofauti ipewe mtu wa kuifuatilia na tarehe ya kuifunga, na jibu liandikwe, kwa sababu majibu hayo yanaionyesha kampuni mahali hasa ambapo taratibu zake zinavuja.

Kuhusu zana nitasema kwa ufupi. GLPI, OCS Inventory na Snipe-IT ni za chanzo huria na zinatosha kwa kampuni ya ukubwa tunaouzungumzia. Mbili za kwanza hukusanya habari zenyewe kupitia programu ndogo inayowekwa kwenye kila kompyuta, wakati Snipe-IT inafaa zaidi kwa kufuatilia nani amekabidhiwa nini.

Programu nazo zihesabiwe pamoja na matoleo yake. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kampuni isiyojua ni mashine zipi bado ziko hapo haiwezi hata kupanga bajeti. Kasoro ya Desemba 2021 ya Log4j, kipande cha programu cha kuandika kumbukumbu za matukio, ilifundisha jambo gumu zaidi, kwamba kipande cha programu kinaweza kujificha ndani ya programu nyingine uliyoinunua ukiwa hujui kimo, na waliokuwa na orodha ya programu na wauzaji wake angalau walijua wa kumpigia simu.

Mwisho kwa leo ni mali ambazo hazishikiki kwa mkono: jina la tovuti, vyeti vya usalama, akaunti za wingu, leseni, laini za simu zilizomo ndani ya ruta na mashine za EFD za risiti za kodi. Njia bora ya kuzipata ni kufuata fedha. Pitieni malipo ya kadi ya kampuni na ya simu ya miezi 12, maana huduma nyingi za wingu hulipiwa mara moja kwa mwaka. Kisha kagueni kila akaunti imesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Jina la tovuti la kampuni lililosajiliwa kwa barua pepe binafsi ya fundi aliyeondoka ni hatari kubwa kuliko kompyuta kumi zilizopotea.

Karibuni tujadili.

#2 – Mchangiaji, Singida

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa maelezo haya, nami naomba kuongeza jambo linalotuhusu sisi wa mazao. Kwetu alizeti huvunwa zaidi kati ya Mei na Julai, na vituo vya kununulia vijijini hufunguliwa kwa msimu huo tu. Vishikwambi, printa ndogo za risiti na kompyuta za mizani hutolewa stoo, hutumika kwa miezi michache, kisha hufungiwa hadi mwaka unaofuata. Ukihesabu Februari, mtandao utakuambia kampuni ina vifaa nusu ya ilivyo navyo. Ukihesabu Juni, utakuta hata vifaa vya kuazima. Je, ni hesabu ipi iitwe sahihi? Na kuhusu stika, vumbi la kiangazi na joto la mabati ya ghala huzimaliza kabla mwaka haujaisha.

#3 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Singida, umegusa jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya ofisi za ghorofani hailioni. Kwa maoni yangu hesabu zote mbili ni sahihi, ili mradi rejesta iwe na hali ya kila kifaa na tarehe ya kuonekana mara ya mwisho. Kishikwambi kilichofungiwa stoo kiandikwe «kimehifadhiwa», kwa jina la mtunza stoo aliyekipokea na si kwa jina la karani aliyekitumia msimu uliopita, na kirudi kwa jina la karani siku anapokisaini tena. Hivyo Februari ikifika, kutoonekana kwake kwenye mtandao ni jambo lililotarajiwa. Kikionekana hewani Februari wakati rejesta inasema kiko stoo, hapo pana swali la kuuliza siku hiyo hiyo.

Vifaa hivyo vikikaa miezi tisa bila umeme, vinarudi kazini vikiwa havina masasisho ya miezi tisa, tena siku ya kwanza ya manunuzi, ambapo hakuna mwenye muda. Orodha ya vilivyohifadhiwa itumike kuviwasha, kuvichaji na kuvisasisha wiki mbili kabla ya msimu. Vitakavyogoma kuwaka vitajulikana mapema, wakati bado kuna nafasi ya kuagiza vingine.

Kuhusu mizani, kumbuka kwamba kiashiria cha mizani ya magari mara nyingi huungana na kompyuta kwa kebo ya mfululizo na hakina anwani ya IP, kwa hiyo hakuna skani itakayokiona. Lazima mtu aende akaangalie kwa macho. Na kuhusu stika, kuchonga ndiko kunakodumu, au kibati chenye nambari kilichofungwa kwa ribiti mahali ambapo mikono haisugui.

#4 – Mchangiaji, mhasibu, Dodoma

Naomba kutofautiana kidogo na mwanzisha uzi. Rejesta ya mali za kudumu ina kanuni zake, na haiwezi kubeba kila kipanya na kila kishikwambi kwa sababu tu idara ya TEHAMA inataka kuviona. Kampuni huweka kiwango cha thamani ambacho chini yake kifaa huhesabiwa kuwa matumizi, na wakaguzi wanakikubali. Pia nisingependa mtu aje na matokeo ya skani akatutaka tufute mali kwenye vitabu. Kufuta mali kunahitaji ushahidi na idhini ya uongozi, na kifaa kutojibu mtandaoni peke yake si ushahidi.

#5 – Mwanzisha uzi

Ndugu mhasibu, nakubaliana nawe kwa yote mawili, na nashukuru umeyasema kwa uwazi. Rejesta ya uhasibu na rejesta ya TEHAMA zina malengo tofauti na hazihitaji kulingana mstari kwa mstari. Ninachokiomba ni kiungo: kila mstari wa rejesta ya TEHAMA uliotokana na ununuzi uwe na nambari ya ankara, na kila kompyuta iliyo kwenye rejesta yako iwe na nambari ya mfululizo. Hilo likifanyika siku ya kupokea mzigo, mtunza stoo akiwa ameshika boksi mkononi, ni kazi ya dakika chache. Likiachwa hadi wakaguzi wafike, linakuwa kazi ya wiki.

Kuhusu kufuta, naungana nawe kwamba lazima kuwe na utaratibu, tena naongeza sharti: kompyuta isifutwe kwenye vitabu mpaka iwepo hati inayoonyesha diski yake ilisafishwa au iliharibiwa. Mashine chakavu zinazouzwa kwa wafanyakazi au kupelekwa kwa wauza vyuma hutoka na mishahara, mikataba na nakala za vitambulisho ndani yake, na wajibu wa kampuni juu ya taarifa hizo hauishi kwa sababu thamani ya kitabu imefika sifuri.

#6 – Mchangiaji, Dodoma

Vipi simu binafsi za wafanyakazi zinazopokea barua pepe za kampuni? Kwetu wafanyakazi walikataa ziandikwe popote, wakisema ni mali zao.

#7 – Mwanzisha uzi

Nao wana haki ya kusema hivyo. Simu si mali ya kampuni, ila barua pepe na nyaraka zilizomo ni za kampuni, na mara nyingi zina taarifa binafsi za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azilinde taarifa hizo, na huwezi kulinda taarifa usizojua ziko kwenye vifaa gani. Njia ninayoiona kuwa ya haki ni kuandikisha ruhusa badala ya simu: nani ameruhusiwa, anafikia mifumo ipi kupitia simu yake, na ruhusa hiyo inakoma lini. Orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kila kisanduku cha barua huonekana upande wa seva, bila mtu kugusa simu ya mwenzake. Wafanyakazi waelezwe kwa maandishi kinachoonekana na kisichoonekana, kwani taarifa zao wenyewe nazo zinalindwa na sheria hiyo hiyo.

#8 – Mchangiaji, Singida

Swali langu la mwisho. Baada ya kazi yote hii, mkurugenzi ataniuliza, «Una uhakika gani kwamba rejesta hii ni sahihi?» Nimjibu nini chenye uzito?

#9 – Mwanzisha uzi

Mjibu kwa vipimo viwili ambavyo wakaguzi wa hesabu wamevitumia siku zote, na ambavyo ndugu yetu mhasibu anavijua vizuri. Kwanza chagua mistari kadhaa ya rejesta bila upendeleo, kisha nenda ukavitafute vifaa hivyo. Hicho kinapima kama vilivyoandikwa vipo kweli. Halafu fanya kinyume: ingia kwenye chumba, gusa kila kifaa unachokiona, kisha kitafute kwenye rejesta. Hicho kinapima kama vilivyopo vimeandikwa, na ndicho kinachorukwa mara nyingi, ingawa ndicho kinachofichua vifaa visivyo na mwenyewe. Mpe mkurugenzi matokeo ya vipimo vyote viwili kwa kila kituo peke yake, kwa kuwa wastani wa kampuni nzima utaificha Kibaigwa nyuma ya usahihi wa Kizota.

Mwambie pia mipaka ya unachokijua: vituo ambavyo havijaskaniwa kutoka ndani, vifaa visivyo na mtandao ambavyo vilihesabiwa kwa macho tu, na tofauti ambazo bado ziko wazi pamoja na majina ya wanaozifuatilia. Kisha muombe mambo mawili ambayo wewe huna mamlaka nayo, nayo ni kwamba mtumishi anayeondoka asilipwe stahiki zake za mwisho kabla fomu ya makabidhiano haijasainiwa na TEHAMA, na kwamba ankara ya kifaa cha TEHAMA isilipwe bila nambari za mfululizo. Akisaini hayo, mambo mawili yanayoiharibu rejesta kwa kasi kuliko yote yatakuwa yamefungiwa mlango. Ukianza kupima wiki hii, ningekushauri uanzie kwenye chumba cha mizani, na umchukue karani wa mizani awe nawe.